Afya: Rudolf Virchow, muganga aliyefuata donge la damu toka muguu mpaka mapafu

Katika hospitali ya Charité, muji wa Berlin, wagonjwa wengine walikuwa wakikufa ghafla. Waganga walipopasua maiti, walikuta damu iliyoganda ndani ya mapafu. Wengi waliamini kwamba iligandia palepale, juu ya mushipa kuvimba. Kijana mumoja, Rudolf Virchow, alikataa.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 huko Schivelbein, muji mudogo wa Prusia ambao leo uko Polandi. Baba yake alikuwa mukulima na mutunza pesa za muji. Alisomea uganga Berlin katika shule ya jeshi, akamaliza mwaka wa 1843.

Kazi yake Charité ilikuwa kupasua maiti. Alipokuta donge kwenye mapafu, alitafuta pia ndani ya mishipa ya miguu, na mara nyingi alikuta huko donge lingine. Ili kuhakikisha, aliingiza vipande vya mupira ndani ya mushipa wa shingo ya mbwa. Vikasafiri na damu mpaka kwenye mapafu. Ndipo akatoa majina mawili: trombozi, donge linaloziba mushipa pale lilipoganda, na embolia, lile linalosafiri.

Mwaka wa 1848 serikali ilimutuma Silesia ya Juu, ambako tifusi iliua watu wengi. Akaandika kwamba chanzo ni njaa, umaskini na utawala mubaya. Aliporudi Berlin akajiunga na waasi kwenye vizuizi vya barabara. Serikali ikamubana kazini, naye mwaka wa 1849 akahamia Würzburg kuwa profesa. Alirudi Berlin mwaka wa 1856.

Alichunguza pia mishipa iliyojaa mafuta. Alisema kwamba vitu vya damu vinapenya ndani ya ukuta wa mushipa, ukuta unavimba, kisha mafuta yanakusanyika. Wakati ule hakuna aliyejua namna mafuta yanavyosafiri ndani ya damu. Ni mwaka wa 1929 ndipo Mufaransa Michel Macheboeuf alionyesha kwamba yanabebwa na protini. Mizigo hiyo inaitwa lipoproteini. Ile ya aina ya LDL ikizidi, inapenya ukutani; uvimbe ukipasuka, damu inaganda juu yake, na moyo ao ubongo unakosa damu.

Virchow hakuwa sawa kila mara: alichelewa kukubali kwamba vijidudu vinaleta magonjwa. Lakini alipigania mifereji ya maji machafu ya Berlin, na muji ukaijenga.

Mwezi wa Januari 1902 aliruka toka kwenye tramu, akavunjika mufupa wa paja. Alikufa tarehe 5 Septemba, akiwa na miaka 80. Hata leo, mutu akivimba muguu mumoja kisha akakosa pumzi ghafla, muganga anachunguza muguu na mapafu pamoja. Apelekwe hospitali mara moja.