Charles Byrne, mutu mrefu wa Irlande

Charles Byrne alizaliwa mwaka 1761 huko Irlande ya kaskazini. Wenzake walipoacha kurefuka, yeye aliendelea tu mpaka metre 2,31. Mwaka 1782 akaenda London, watu wakawa wanalipa franga juu ya kumuona. Pombe ikamuingia, akiba yake ikaibwa, na mwezi wa 6 mwaka 1783 akakufa. Miaka 22 tu!

Alikuwa na woga moja: munganga John Hunter, mwenye kukusanya mifupa, alitaka maiti yake. Byrne akaomba rafiki zake wamuzike mu bahari. Hunter akatoa franga kwa siri, maiti ikakamatwa njiani, mifupa ikatundikwa mu muze ya London. Kwetu siye, tunaolala kilio mpaka marehemu afike mu kaburi, ule ni wizi.

Mwaka 1909 munganga wa Marekani, Harvey Cushing, alifungua kichwa kile. Nafasi ya ipofizi ilikuwa imepanuka. Ni tezi ndogo sawa punje ya kunde, chini ya ubongo, na ndiyo inatuma homoni ya kukomaza mwili. Uvimbe ukiota pale mbele kijana hajaisha kukomaa, homoni inatoka mingi, mifupa inarefuka bila kusimama.

Mwaka 2011 meno yake yalionyesha kasoro ya kurithi, ileile wanayobeba wagonjwa wamoja wa Irlande ya kaskazini leo. Kwa hiyo sasa jamaa zao wanaweza kupimwa mapema.

Tangu 2023 muze haionyeshe tena ile mifupa, lakini inaichunga kwa utafiti. Mu bahari haijafika.