ALIRUDI KULEKULE ALIKOTOROKA!

Kijana rafiki yangu, hebu jiulize: ukifanikiwa kutoroka mahali pa mateso, utarudi tena hukohuko kwa hiari yako? Yupo dada aliyerudi, tena si mara moja, bali mara 13 hivi!

Ni Harriet Tubman. Alizaliwa utumwani yapata mwaka 1822, jimbo la Maryland, Marekani. Hakufundishwa kusoma. Dada zake watatu waliuzwa mbali. Siku moja msimamizi alimrushia mtumwa mwingine jiwe la mizani. Likamkosa, likampasua Harriet kichwa! Tangu hapo usingizi ulimkamata ghafla, hata katikati ya maongezi.

Lakini alikuwa mtu wa maombi. Mwaka 1849 aliposikia watauzwa, akatoroka na kaka zake wawili. Wao wakaogopa, wakageuka, wakamrudisha naye. Basi akatoka tena, safari hii peke yake! Alitembea usiku akiifuata nyota ya kaskazini, akifichwa na watu waliochukia utumwa, mpaka akafika Pennsylvania. Huru!

Je, alitulia akala maisha? Wapi! Alipika na kufagia kwa watu, akaweka akiba, akarudi kuwafuata wengine. Mwaka 1851 alimwendea mumewe, John, amemnunulia na suti. Kumbe bwana ameshaoa mwingine, akakataa hata kuonana naye! Harriet aliumia sana, lakini hakurudi mikono mitupu. Akawachukua waliokuwa tayari kutoka.

Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu watoro kukamatwa hata kaskazini, hivyo akawapeleka mpaka Kanada. Njiani Thomas Garrett, Mkristo wa Quaker, aliwapa viatu na fedha. Huko Philadelphia, William Still, mtu mweusi, aliandika habari za kila mtoro ili ndugu waweze kutafutana.

Na wale kaka wawili? Krismasi ya 1854 Harriet aliwafuata, akawatoa! Mwaka 1857 akawatoa na wazazi wake wazee. Aliokoa watu kama 70, asipoteze hata mmoja njiani. Alifariki mwaka 1913, akiwa huru, akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemwongoza.

Sasa wewe, kijana. Labda uliwahi kuanza safari njema, ukaogopa, ukarudi nyuma. Usijifiche kama John. Wale kaka nao walirudi nyuma, lakini walipofuatwa mara ya pili, waliinuka wakatoka. Je, ukifuatwa leo, utatoka?