Allidina Visram: Mfanyabiashara Aliyekwenda Pasipo na Duka



Ndugu zangu, tukizungumza juu ya Waislamu waliofanya biashara kwa ubora, mara nyingi tunaruka moja kwa moja hadi Makka na Madina, kwa Bibi Khadija na Abdurrahman bin Auf, Mungu awe radhi nao. Ni haki yao. Ila nimeona kuwa msikilizaji husikia habari zao akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akarudi kwenye biashara yake ileile ya jana. Kwa hiyo leo nimemchagua mtu wa karibu, aliyepita katika bandari zetu na vituo vya reli tunavyovijua kwa majina. Alikuwa Khoja wa Kiismailia. Tofauti za madhehebu zinajulikana na zina mahali pake. Mimi hapa nazungumza juu ya namna alivyofanya kazi.

Allidina Visram alizaliwa Kera, kijiji cha Kutch huko magharibi ya India, katikati ya karne ya 19. Alivuka bahari kwa jahazi akiwa na umri wa kama miaka 12, hana mali, akafikia Bagamoyo. Bagamoyo ya wakati huo ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka pale na nguo, shanga na nyaya za shaba, ikarudi baada ya miezi mingi na pembe za ndovu.

Katika mji huo alikuwepo Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akiandaa misafara. Mtu akitaka kwenda bara, awe mpelelezi wa Kizungu, mmisionari au mfanyabiashara, alimwendea Sewa Haji ampatie wapagazi, bidhaa na mahitaji ya njiani. Allidina akawa msaidizi wake. Hapa napenda tutulie kidogo, kwa sababu wengi husimulia maisha ya matajiri kama kwamba walilala maskini wakaamka na mali. Huyu alikaa miaka akiwa mtu wa kutumwa. Lakini kazi ya kuandaa msafara ilikuwa chuo kamili. Ilibidi kujua kwamba nguo inayopendwa Ugogo yaweza kukataliwa Unyamwezi. Shanga za rangi iliyopitwa na wakati zilikuwa mzigo wa bure: unalipa mpagazi azibebe kwenda, kisha unamlipa azirudishe. Ilibidi kukadiria chakula cha njiani na hongo za watawala. Aliyekosea hesabu Bagamoyo aligundua kosa lake akiwa Tabora, na hapo hapakuwa na wa kumlalamikia.

Alipoanza kujitegemea hakufungua duka jingine pembeni ya maduka ya Bagamoyo. Mji ulikuwa tayari umejaa wauzaji waliongojea msafara urudi ili wagombanie pembe. Yeye alielekea kule misafara ilikotoka. Akaweka matawi kwenye njia ya bara, Dodoma, Tabora, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Akawa anauza nguo na chumvi hukohuko, na kununua hukohuko pembe, nta na asali. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, akiwa ameacha jina lake kwenye hospitali ya Dar es Salaam, na mpaka leo mgonjwa wa Muhimbili anaweza kulazwa katika jengo la Sewa Haji. Baada yake, Allidina akawa miongoni mwa wakubwa wa biashara ya misafara.

Mtu wa wastani angetosheka. Ana njia anayoijua, ana wapagazi, ana jina. Bali wakati huohuo Waingereza walikuwa wameanza, mwaka 1896, kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Kila mpagazi alijua maana yake: mzigo uliochukua miezi kichwani ungechukua siku chache. Wako waliongoja waone kama reli itafika. Allidina aliifuata ingali inajengwa. Kwa ajili ya kazi hiyo waliletwa kutoka India wafanyakazi zaidi ya 30,000, na watu hao walihitaji unga, mchele, dengu, samli na nguo. Alifungua maduka kwenye vituo kadiri reli ilivyosonga, akapata na kandarasi za kuwahudumia wafanyakazi hao. Mwaka 1898 alikwishakuwa na duka Kampala, na reli haikufika Kisumu mpaka mwisho wa 1901. Yaani treni ilipofika ziwani ilimkuta ng'ambo anangoja mzigo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Duka la bara lilikuwa na tatizo moja kubwa: wateja hawakuwa na fedha. Katika sehemu nyingi za Uganda watu bado walikuwa wakitumia kauri, na rupia zilikuwa chache. Muuzaji wa kawaida akiona hivyo husema hapa hakuna biashara, hufunga virago. Allidina aliligeuza swali. Badala ya kutaka kujua mteja ana fedha kiasi gani, alitaka kujua nyumbani kwake kuna nini. Kuna ngozi? Alinunua ngozi. Ufuta, karanga, pilipili, nta, na baadaye pamba? Alinunua, hata vile ambavyo wengine waliona havistahili gharama ya kuvipeleka pwani. Mkulima akatoka dukani na nguo, na msimu uliofuata akalima zaidi kwa kuwa alijua mnunuzi yupo.

Lakini ukishanunua ufuta wa watu huwezi kuuweka ukaozea stoo. Ndipo akaingia katika ukamuaji wa mafuta. Pamba ikamtaka vinu vya kuichambua. Mizigo iliyokuwa ikikwama ziwani ikamtaka awe na vyombo vyake vya majini, na ile ya nchi kavu ikamtaka mikokoteni. Akawa na viwanda vya soda, karakana za samani, biashara ya ngozi, na mashamba makubwa alikojaribu miwa, mpira na pamba. Ukiitazama orodha hii haraka utasema ni mtu mwenye tamaa aliyegusa kila kitu. Mimi naiona vingine. Karibu kila shughuli ilizaliwa na mkwamo wa shughuli iliyotangulia, naye akakataa kuuacha mkwamo ule uitwe hali halisi.

Kwetu Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, neno hilo la hali halisi linasikika sana. Vita vilitutawanya, na waliorudi wanaanza upya kwa meza mbele ya nyumba. Sidharau meza, mtu aliyeunguliwa nyumba akapanga sabuni sita juu ya ubao ana ujasiri kuliko wengi wetu humu chuoni. Linaloniuma ni kwamba meza kumi zilizofuatana zina sabuni ileile, chumvi ileile, biskuti na vocha zilezile, kwa sababu wa kwanza aliuza hivyo. Nyuma ya meza hizo wamekaa wenye mashamba ya mihogo, mikorosho na ufuta, na mazao hayo humngoja mnunuzi atoke mbali na kutaja bei yake. Nasi tuliosoma tukirudi likizo tunajadili mtaji. Allidina alifika Bagamoyo na mtaji gani?

Halafu kuna suala la watu. Kufikia mwaka 1909 alikuwa na wasaidizi wa Kihindi zaidi ya 500, na wanaoandika historia yake hutaja maduka zaidi ya 200 kabla ya kufa kwake. Hapakuwa na simu ya kumpigia msaidizi aliye mwendo wa wiki mbili kumwuliza ameuza nini. Kilichokuwepo ni daftari na amana. Vijana walioletwa kutoka India walianza kwake, wakajifunza hesabu na lugha za wenyeji, kisha wengi wakatoka na kufungua maduka yao wenyewe, mara nyingi kwa bidhaa alizowakopesha. Mfanyabiashara mwenye roho ndogo huogopa kumfundisha kijana asije akawa mshindani. Yeye alijaza nchi washindani, nao wakaendelea kununua kwake kwa jumla. Wazungu wa Uganda wakambandika jina la mfalme asiye na taji. Jumuiya yake ikamtambua kwa cheo cha Varas.

Tusimfanye malaika. Pembe za ndovu zilizomkuza zilitoka katika biashara iliyomwaga damu nyingi, na si mabega yote yaliyozibeba yaliyokuwa na hiari. Reli aliyoifuata ilikuwa ya wakoloni, na milango waliyomfungulia, kandarasi na mikopo, haikufunguliwa kwa Mnyamwezi wala Muganda aliyekuwa na akili ya biashara kama yake. Katika wale wasaidizi 500 wanaotajwa, mwenyeji hatajwi. Mwanafunzi Mwislamu anayesoma uchumi ana wajibu wa kuliona hilo pia. Kufanya kazi kwa itqan ni pamoja na kujua bidhaa yako imetoka mkononi mwa nani, na kwa njia gani.

Na kuna udhaifu mwingine, ambao kwa mtazamo wangu ndio wenye faida zaidi kuutafakari. Mtandao ule mkubwa ulifungwa kwenye kichwa kimoja. Yeye ndiye aliyejua nani amekopa nini, nani aaminiwe, bei ya pamba ikianguka duka lipi libebe lipi. Hata uzeeni, akiwa na kila sababu ya kukaa kivulini Mombasa, alikuwa bado anasafiri kukagua na kutafuta njia mpya. Safari ya mwisho ilimpeleka Kongo. Alirudi na homa, na ikamuua mwezi Juni 1916, Vita Kuu vikiwa bado vinaendelea.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi maduka, madeni na wadai. Baada ya vita bei ziliyumba, rupia ikaondolewa, na wale waliokopeshwa kwa kujuana na marehemu hawakujiona wanawiwa kwa namna ileile na mrithi. Naye Abdulrasul hakuishi sana. Katika miaka ya 1920 maduka yaliyotawanyika kutoka pwani hadi mipaka ya Kongo yalifungwa au kuuzwa, moja baada ya jingine, na mengine yakachukuliwa na watu waliowahi kufagia sakafu zake.

Kabla mambo hayajaharibika kabisa, familia ilikuwa imetoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu yake. Ipo hadi leo, karibu na bahari, na inaitwa Allidina Visram High School. Watoto wa kila kabila na dini husoma humo.