Carey Francis na Watoto wa Isiolo

Tangu mtaala wa umilisi uanze kujaribiwa nchini mwaka wa 2017, wako wazazi na viongozi wa makanisa wanaotamani watoto wa shule za msingi warejeshewe elimu ya Kikristo ya mtindo wa kale. Elimu hiyo husimama juu ya nguzo tatu, yaani sarufi, mantiki na balagha, kisha huongezewa hisabati, fasihi bora na Maandiko Matakatifu. Kabla hatujaikumbatia au kuibeza hapa Isiolo, yafaa tuyapime maisha ya Edward Carey Francis.

Mwalimu huyu alizaliwa London mwaka wa 1897. Baada ya kutumika katika jeshi la mizinga wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alisomea hisabati Cambridge, akawa mhadhiri huko na mwanachuoni wa Peterhouse. Njia ya heshima ilikuwa wazi mbele yake. Hata hivyo, mwaka wa 1928 aliyaacha yote, akaja Kenya chini ya shirika la kimisheni la CMS kuwa mkuu wa shule ya Maseno, ambayo wakati huo ilikuwa na madarasa ya msingi na ya kati. Jaramogi Oginga Odinga ni miongoni mwa waliosoma huko enzi zake.

Kuanzia mwaka wa 1940 hadi 1962 aliiongoza Alliance, huko Kikuyu. Shule zake hazikubeba jina la elimu ya kikale, ila roho yake ilikuwamo: ibada, usafi, hesabu zisizovumilia uzembe, na tamthilia za Shakespeare zilizoigizwa na wanafunzi. Hakuoa; maisha yake yote yalikuwa shule. Kipimo alichowawekea vijana alianza kujiwekea mwenyewe, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya mafanikio yake.

Lakini sifa isitupofushe. Fasihi iliyotukuzwa Alliance ilikuwa ya Waingereza, na Kiingereza ndicho kilichokuwa ufunguo wa kila mlango. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia shuleni humo mwaka wa 1955 na kufariki mwaka wa 2025, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuliza mtoto hupoteza nini akifunzwa kuidharau lugha ya mama yake. Swali hilo haliwezi kukwepwa. Sarufi ndiyo nguzo ya kwanza ya elimu ya kale. Mtoto asiyeijua sarufi ya lugha anayofikiria kwayo hukariri tu, na akariripo mantiki haiingii.

Mwaka wa 1962 Francis alistaafu Alliance. Badala ya kurudi kwao, alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Pumwani ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, na Waislamu ni wengi humo. Aliendelea na kazi hiyo hadi kifo chake mwezi wa Julai, 1966. Kwa maoni yangu, miaka hiyo minne ya Pumwani yafaa ituongoze kuliko ile ishirini na miwili ya Alliance.

Isiolo yafanana na Pumwani kuliko Alliance. Darasa moja huweza kuwa na watoto wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, Wakristo na Waislamu, nao hukutana katika Kiswahili. Anayetaka elimu ya kale hapa na aanze na lugha zao; balagha aifundishe kwa methali za wazee, na ushairi kwa tenzi kama ule wa Mwana Kupona. Akumbuke pia kuwa kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri: mtoto wa Kiislamu asilazimishwe kuabudu Kikristo ili apate kujua hesabu.

Tukichukua vitabu vya Francis bila kuchukua unyenyekevu uliompeleka Pumwani, tutakuwa tumejenga shule ya wachache wenye karo. Mtaala, uwe wa kale au mpya, haujawahi kumzidi mwalimu aliyesimama mbele ya watoto. Huyo ndiye tumtafute kwanza.