Grinkov: Bingwa wa barafu aliyeuawa na moyo akiwa na miaka 28

SERGEI Grinkov alikuwa ameshinda karibu kila taji ambalo mtelezaji wa barafuni anaweza kulitamani. Hakuwa mnene wala mzembe. Kazi yake ilikuwa kumwinua mwenzake juu ya kichwa huku akienda kasi kwenye barafu, mchezo ambao wengi wetu huuona kwenye runinga tu. Hata hivyo, mnamo Novemba 20, 1995, moyo ulimsimama akiwa mazoezini Lake Placid, Marekani.

Grinkov alizaliwa Moscow mnamo Februari 4, 1967. Alipokuwa na umri wa miaka 14, aliunganishwa na Ekaterina Gordeeva, msichana wa miaka 10, katika klabu ya michezo ya jeshi, CSKA. Wawili hao walitwaa ubingwa wa dunia mara nne kati ya 1986 na 1990, na dhahabu ya Olimpiki mara mbili: Calgary mwaka 1988 na Lillehammer mwaka 1994. Urafiki wa uwanjani uligeuka mapenzi. Walifunga ndoa mwaka 1991, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti.

Siku ya msiba walikuwa wakijiandaa kwa ziara ya maonyesho. Grinkov alipunguza mwendo, akaelekea ukingoni mwa uwanja, kisha akajilaza polepole juu ya barafu. Gordeeva alidhani ni mgongo, kwa kuwa ulikuwa umemsumbua mumewe. Hakuamka tena.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa mishipa inayolisha moyo damu ilikuwa imeziba vibaya, kama ya mzee. Isitoshe, alikuwa amepatwa na mshtuko mwingine wa moyo muda mfupi kabla ya huo, pasipo mtu kutambua.

Vijana wengi wanaopatwa na maradhi haya huwa na jambo linaloonekana: sigara, shinikizo la damu, kisukari au lehemu nyingi. Kwa Grinkov, ishara ilikuwa nyumbani kwao. Babake alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 52, umri ambao watu huuita wa kawaida kwa ajali ya aina hiyo, ilhali si wa kawaida hata kidogo.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walimkuta na jeni iitwayo PLA2, ambayo hufanya chembe za kugandisha damu zinate upesi kupita kiasi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kuhusu uzito wa jeni hiyo. Historia ya ukoo, kwa upande wake, haibishaniwi, na kuiuliza hakuhitaji maabara.

Grinkov alizikwa katika makaburi ya Vagankovo, Moscow. Mnamo Februari 1996, katika onyesho la kumkumbuka lililofanyika Hartford, Marekani, Gordeeva aliingia uwanjani na kuteleza peke yake.