Idi Amin: kibonzo kilichoacha deni la vita

Wasomaji wetu wa Arua na Koboko hawahitaji kuambiwa Idi Amin Dada alikuwa nani. Baba yake alikuwa Mkakwa, mama Mlugbara. Mahali na mwaka aliozaliwa bado vina ubishi, ila wengi hutaja Koboko, karibu mwaka 1925. Aliingia jeshi la KAR mwaka 1946, na Januari 25, 1971 akampindua Milton Obote.

Ng'ambo walimfahamu zaidi kwa vibonzo. Edmund Valtman wa Marekani alimchora mwaka 1977, na wenzake wengi walimfanya jitu lililojaa nishani. Mwenyewe aliwarahisishia kazi: Desemba 1973, Uingereza ikiwa taabani kiuchumi, alianzisha mfuko wa kuiokoa. Wazungu wakacheka.

Walicheka huku wakifanya naye biashara. Ndege zilitoka Stansted zikiwa na wiski na anasa nyingine za kuwaridhisha askari wake. Marekani ilinunua takriban theluthi moja ya kahawa ya Uganda, na kahawa ndiyo iliyoleta karibu fedha zote za kigeni. Jirani Kenya ilizuia mafuta mwaka 1976, baada ya uvamizi wa Entebbe. Mwenye kuvusha mizigo mpakani anajua uchungu wa njia kufungwa. Wamarekani walipiga marufuku biashara na Uganda Oktoba 1978 tu, bei nzuri za kahawa zikiwa zimekwishapita.

Mwezi huo huo majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tanzania ilijibu, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Gharama ya vita kwa Tanzania hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda miezi 18, na dai likafika Kampala, kwa serikali zilizomfuata Amin.

West Nile ililipa kwa namna nyingine. Mwaka 1980 askari wa serikali mpya walilipiza kisasi, na maelfu wakavuka kwenda Zaire na Sudan. Aliyerudi miaka ya baadaye anakumbuka: huko alikokwenda aliitwa mtu wa Amin, akabeba sura ya kibonzo kile, ingawa nishani wala wiski hakuwahi kuvipata.

Amin mwenyewe alifia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 16, 2003. Alizikwa huko huko.