Kapiteni Joubert, Mlinzi wa Mpala

Habari za Daudi na Goliati mmekwisha kufundishwa. Leo nitawaeleza maisha ya mtu aliyeshindwa vitani alipokuwa katika jeshi kubwa, kisha akashinda akiwa na watu wachache, katika nchi yetu hii ya Kongo, kando ya ziwa Tanganika.

Léopold Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Zamani hizo Papa alikuwa pia mfalme wa sehemu ya Italia. Mwaka 1860 Papa Pio wa Tisa aliita vijana wa kumlinda, naye Joubert, mwenye miaka 18, akaitika. Alitumika miaka kumi, akapewa cheo cha kapiteni. Lakini tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la Italia, watu wapata elfu 50, lilibomoa ukuta wa Roma. Walinzi walikuwa elfu 13 hivi, na Papa mwenyewe akaamuru waweke silaha chini, damu isizidi kumwagika. Joubert akarudi kwao mikono mitupu.

Mwaka 1880 alikuja Afrika pamoja na Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, awe mlinzi wa misioni zao. Siku zile wafanya biashara ya watumwa walivuka ziwa kutoka Ujiji, na mkubwa wao alikuwa Rumaliza. Walichoma vijiji, wakawatia watu kongwa shingoni. Msidhani wazee wetu walishindwa kwa uoga. Walikuwa na mikuki mbele ya bunduki, na kila mtemi alipigana peke yake. Wengine, ni aibu kusema, waliwauza majirani zao.

Mpala ilikuwa ngome iliyojengwa mwaka 1883 na Kapiteni Storms, nayo ikapewa mapadri mwaka 1885. Joubert alifika huko mwaka 1887. Bunduki zilikuwa chache. Baruti ilitoka pwani kwa vichwa vya wapagazi, safari ya miezi. Akawafundisha vijana wa mahali pale kulenga shabaha, kutopoteza risasi, na kusimama pamoja bila kukimbia. Watu waliokimbia wavamizi wakaja kujenga karibu naye, na hivyo idadi ya walinzi ikaongezeka. Mara kadhaa aliwafuata wavamizi, akawarudisha mateka. Watu wa Rumaliza hawakuiteka Mpala.

Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, binti wa nchi ile, wakazaa watoto kumi. Wawili wakawa mapadri. Nafikiri ndoa hiyo iliwatia watu moyo kuliko bunduki zake, kwa maana waliona huyu hatafuti njia ya kurudi kwao.

Mwaka huo huo Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri juu ya ubaya wa utumwa. Msaada ulichelewa. Kapiteni Jacques, Mbelgiji, alifika mwishoni mwa mwaka 1891, akaanzisha Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Joubert alikuwa amekwisha kushika mahali pake zaidi ya miaka minne. Mwaka 1894 Rumaliza alishindwa na askari wa Dola ya Leopoldi, akakimbia. Dola hiyo nayo ilileta mateso yake katika Kongo. Hayo ni habari nyingine.

Mtu wa Nyabiondo aliyelala msituni na watoto wake kwa kuogopa risasi ataniuliza kama yuko mwenye bunduki aliye mwema. Swali hilo ni la haki. Joubert naye alitawala na kuamua mashauri bila kuchaguliwa na wenyeji. Lakini mtazameni baada ya vita: hakwenda kutafuta vita vingine, wala hakurudi Ulaya. Alikaa na mkewe na watoto kati ya watu aliowalinda, akazeeka, macho yakapofuka. Alikufa karibu na Moba tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85, akazikwa katika nchi ile ile.